Dohani Bila Kofia

Mwezi huu wa Februari jua bado lipo, na mvua za masika hazijafika. Ndiyo maana nimechagua kuzungumza leo, wala si mwezi wa Aprili, juu ya kitu ambacho wengi wenu hamjakitazama tangu mlipohamia kwenye nyumba zenu: kile kipande cha bati kinachofunika dohani.

Najua wapo walio Tanga mjini, Dar es Salaam au Mombasa wanaojiuliza, sisi dohani tuzitoe wapi? Subirini kidogo, nitafika kwenu. Kwanza nizungumze na watu wa milimani: Lushoto, Njombe, Mufindi, Tukuyu, pamoja na majirani zetu wa Limuru na Nyeri, kule ambako mwezi wa Julai mtu halali bila blanketi mbili na jioni kila mmoja anatafuta pa kuotea moto.

Nianzie Lushoto, kwenye nyumba ya shangazi yangu. Ni nyumba ya mawe, ya zamani, ambayo marehemu mumewe aliinunua alipostaafu. Sebuleni ina meko ya kuni, na dohani yake ya matofali inapenya dari na kutokeza juu ya paa la mabati. Shangazi anayapenda meko yale. Wajukuu wakija likizo, hapo ndipo wanapochoma mahindi.

Doa lilianza mwaka juzi, wakati wa vuli, pembeni mwa dohani, pale dari linapokutana na ukuta. Lilikuwa dogo, ukubwa wa kisosi, rangi yake kama chai ya rangi iliyokolea. Mvua za masika zilipofika, lilikuwa sinia.

Fundi wa kwanza alisema ni misumari. Raba za misumari ya bati zikipigwa na jua miaka mingi hukauka na kupasuka, maji yakapenya kandokando ya msumari. Hilo ni kweli, na kwenye nyumba nyingi ndiyo shida yenyewe. Akapanda, akang'oa misumari ya upande ule, akapigilia mipya. Mvua iliponyesha doa likarudi. Fundi wa pili alisema ni maungio, akapaka lami kuizunguka dohani pale inapotokeza kwenye bati. Doa likatulia wiki mbili, shangazi akaanza kushukuru, kisha likarudi, safari hii na harufu. Wa tatu alisema mabati yamechoka. Akayabadilisha sita. Shangazi aliuza ndama kulipia mabati yale.

Mafundi wale siwalaumu. Fundi wa paa hutafuta tundu kwenye paa, na kila mmoja alifanya kazi yake kwa uaminifu. Ila nyumba yenyewe ilikuwa ikisema, na hatukuisikiliza. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi sebule nzima ilinuka kama kuni zilizozimwa kwa maji. Na jivu la mekoni, jivu ambalo jana yake lilikuwa kavu, shangazi alilizoa likiwa limeshikana kama udongo wa mfinyanzi. Alidhani ni unyevu wa baridi ya milimani. Mimi nilidhani hivyo hivyo.

Wa nne hakuwa fundi wa paa. Alikuwa fundi bati, mzee wa sokoni anayetengeneza karai, vibatari na mifereji ya kukingia maji ya mvua. Shangazi alimwita kwa ajili ya mfereji. Alipoingia ndani kunywa chai, akanusa. Akaweka kikombe chini, akaomba tochi. Ngazi hakuiulizia. Akapiga magoti mbele ya meko, akaingiza kichwa na mkono mmoja ndani ya dohani, akakaa humo muda. Alipotoka, akaniambia, "Hebu njoo utazame, mwanangu."

Nikainama, nikatazama juu. Mwisho wa lile giza palikuwa na kipande cha mraba cheupe, na wingu likipita.

"Unaona nini?"

"Mbingu."

"Basi na mvua inakuona wewe."

Dohani ile haikuwa na kofia. Ilikuwa nayo zamani, na vyuma vinne vilivyoishikilia vilikuwa bado vimesimama pembeni mwa tundu, vimepinda, vyekundu kwa kutu. Kofia yenyewe tuliikuta uani. Upepo uliing'oa siku ambayo hakuna aliyeikumbuka, watoto wakaiokota, wakaifanya mfuniko wa kizimba cha vifaranga. Nikaigeuza. Upande wa juu bado ulikuwa na rangi ya kijani, ungeuona kutoka chini ungesema iko salama. Upande wa chini ulikuwa umeliwa kama jani lililoingiliwa na viwavi.

Hapo nikajifunza jambo la kwanza, na naliweka mbele yenu kwa sababu linawadanganya wengi: kofia ya dohani haiozei juu, inaozea chini. Juu kuna mvua na jua tu. Chini kuna moshi. Moshi wa kuni una mvuke wa maji na tindikali, na ukikutana na bati la baridi usiku hugeuka matone, meusi na makali, yanayokaa hapo hapo mpaka asubuhi. Tindikali ile hula kwanza zinki iliyopakwa kwenye bati, kisha chuma chenyewe. Kwa hiyo anayesimama uani na kuiangalia dohani yake kwa mbali hajaiangalia. Lazima mtu apande, aguse kwa mkono, aibonyeze kwa kidole gumba. Ikibonyea au ikitoa unga mwekundu, imekwisha, hata kama rangi inameta.

Sasa mtaniuliza, tundu dogo kama lile linaingiza maji kiasi gani? Hesabu yake ni rahisi na kila mtu anaweza kuifanya nyumbani. Watu wa hali ya hewa wanapotangaza kwamba imenyesha milimita 1, maana yake ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Tundu la dohani ya shangazi lina upana wa sentimita 40 kwa 30. Hiyo ni mita ya mraba 0.12. Mahali panaponyesha milimita 1,000 kwa mwaka, na milima yetu mingi hupata hizo au zaidi, tundu lile linapokea lita 120. Ndoo 6 kubwa za lita 20. Hebu fikirini mtu anakuja kwenu kila mwaka na ndoo 6 za maji, anapanda juu ya paa, anazimimina ndani ya ukuta wa sebule yenu. Usiku mmoja wa mvua kubwa ya milimita 50 ni lita 6.

Na hayo ni maji yanayopita katikati ya tundu tu. Juu ya dohani, kuzunguka tundu, huwa kuna bamba la saruji ambalo mwashi hulimwaga kufunika vichwa vya matofali. Bamba hilo hupata moto mkali jioni na baridi alfajiri, hupigwa na jua mchana, na baada ya miaka linapasuka nyufa nyembamba kama unywele. Maji huingia humo taratibu. Matofali ya kuchoma hunywa maji kama sifongo, na udongo au chokaa iliyotumika kwenye nyumba za zamani hulegea ikilowa kila mara. Ndipo maji yanapoanza safari ambayo hakuna anayeiona: yanashuka ndani ya tofali, yanachukua masizi, yanatokeza kwenye lipu ya chumbani mita 3 au 4 chini ya pale yalipoingilia. Ile rangi ya chai kwenye dari la shangazi ilikuwa masizi yaliyoyeyuka. Doa linalotokana na tundu la bati kwa kawaida huwa la njano hafifu au la kutu. Likiwa la kahawia iliyoiva, liko karibu na dohani, na linanuka moshi, msipoteze fedha kwenye misumari.

Katika nchi za baridi kali wana adui mwingine. Maji yakiganda kuwa barafu hutanuka kwa takriban sehemu 9 katika 100, na yakiwa ndani ya tofali yanalipasua. Sisi, ukiacha usiku wa Juni na Julai kwenye nyanda za juu za Njombe na Kitulo, jambo hilo hatulijui sana. Adui zetu ni wawili: kuvu na mchwa. Kenchi na papi zilizolala karibu na dohani zikilowa mara kwa mara, kuvu huota ndani ya mbao kabla hujaona chochote nje. Mbao laini, iliyolowa, ndiyo chakula cha mchwa. Yule fundi wa tatu alipofungua mabati sita, kama angechoma bisibisi kwenye kenchi iliyo jirani na dohani angeona inavyozama kama kwenye kiazi kilichochemshwa. Fundi bati aliichoma. Ilibidi kipande cha futi 4 kikatwe na kuungwa upya.

Lakini mzee yule hakutaka tumwamini kwa maneno. Alisema maji yana ujanja, lazima uyashike. Siku ya jua, akampandisha kijana wake na jagi, mimi nikakaa ndani natazama doa. Kijana akaanza chini: akamwaga maji kwenye bati, chini ya dohani. Tukangoja kama robo saa. Hakuna kitu. Akapanda kidogo, akamwaga pembeni, pale bati linapokutana na matofali, penye lile bati la kukinga maungio ambalo mafundi huliita flashingi. Tukangoja. Hakuna. Akamwaga nyuma ya dohani, upande wa juu wa mteremko, ambako takataka na majani hujikusanya na maji hutuama. Hakuna. Mwisho akamwaga juu kabisa, kwenye lile bamba la saruji, polepole. Haikupita muda, doa likaanza kung'aa.

Utaratibu huo uwe wenu. Anzeni chini, pandeni juu, na kila hatua ngojeni. Ukianza kumwagia juu, maji yatateremka kote, utalowesha kila kitu na hutajua ni wapi yalipopenyea.

Basi akatengeneza kofia mpya. Nilimwomba anieleze kila kipimo, na nawapa kama alivyonipa. Alichagua bati la geji 24. Hapa watu wengi wanapotea dukani, kwa sababu namba ya geji inakwenda kinyume: kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Geji 32 ni laini, utaikunja kwa mkono. Geji 28 ni nene kuliko 30. Kofia ya dohani haistahili bati jembamba, kwa sababu iko peke yake juu, upepo wote ni wake na moshi wote ni wake. Mwenye uwezo na anunue chuma cha pua kisichoshika kutu. Kitamgharimu mara nyingi zaidi ya bati, lakini kitakaa miaka mingi bila kupandiwa. Na mkienda dukani semeni wazi "kofia ya dohani", kwa maana ukisema kofia tu utaletewa ile ya kufunika mgongo wa paa.

Kofia aliifanya pana kuliko tundu, na pana kuliko bamba la saruji pia, ikazidi kila upande kwa vidole vinne. Kingo akazikunja kuelekea chini ili tone likifika ukingoni lianguke mbali, lisigeuke na kutambaa kurudi kwenye tofali. Katikati akaiinua kama paa la banda, maji yasituame. Miguu minne ya chuma bapa akaifunga kwa boliti kwenye mbavu za dohani, kwa pembeni. Hakutoboa juu ya bamba, kwa sababu tundu lolote unalotoboa juu ni mlango mwingine wa maji. Kabla ya hapo alikuwa ameziba nyufa za bamba, akalipiga saruji upya kwa mteremko wa kutoka katikati kwenda nje.

Nilimuuliza kwa nini asiikunje ile kofia ya zamani, akaipaka lami, akairudisha, tukapunguza gharama. Akanijibu kwamba hilo amelifanya mara nyingi ujanani, na mara nyingi ameitwa tena. Lami ikikaa juu ya moto wa dohani hulainika na kutiririka. Silikoni ya kawaida haikuundwa kwa joto la moshi. Na bati lililoliwa kutoka chini halina mwili wa kushikilia kiraka. Unaunga kitu kilichobaki rangi tu. Kofia iliyochoka inabadilishwa. Gharama yote, bati, vyuma, boliti, saruji na ujira wake pamoja na wa kijana wake, haikufika nusu ya ile ya mabati sita. Ndama yule bado ananiuma.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hapa pana uhai wa watu. Wapo wanaosikia habari ya maji, wakaamua kuimaliza kabisa: wanapanda na kipande cha bati au bamba la zege, wanaifunika dohani gubigubi, wanaweka jiwe juu. Maji kweli hayaingii. Mwaka unapita, nyumba inapangishwa, wageni wanakuja mwezi wa Julai, wanaona meko mazuri, wanawasha kuni, wanafunga madirisha kwa baridi. Moshi utawafukuza, mtasema. Moto wa kuni mbichi ndiyo, utawatoa machozi, watafungua mlango. Lakini makaa yakishatulia, moshi haupo tena, na kinachotoka ni gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, huhisi uchovu, husinzia. Asipotolewa nje, haamki. Hii ndiyo gesi ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani, na kila msimu wa baridi tunasikia misiba hiyo. Narudia bila kuona aibu ya kurudia: jiko la mkaa haliingii chumba cha kulala, na dohani ya meko yanayowashwa haizibwi.

Kofia kazi yake ni kuzuia kinachoshuka na kuruhusu kinachopanda. Kati ya mdomo wa dohani na kofia iacheni nafasi ya shubiri moja au zaidi, pande zote. Ukiweka wavu kuzuia ndege, na ni vizuri kuuweka, tundu zake ziwe za kupitisha kidole gumba. Wavu wa chandarua au wa dirishani ni kosa kubwa, masizi yatauziba katika msimu mmoja na mtakuwa mmejifungia moshi ndani. Kunguru hupenda kuleta vijiti, na nyuki wakikuta dohani isiyotumika watahamia ukoo mzima. Hata kama meko yenu hayawashwi tena, dohani iacheni ipumue chini ya kofia. Ikizibwa kabisa, unyevu wa ndani hukosa pa kutokea na kuta zitatoa chumvichumvi nyeupe na kubambuka lipu.

Nyumba za asili za milimani hazikuwa na kitu hiki. Moto ulikaa katikati ya nyumba, moshi ukapanda, ukapita kwenye uchaga wa mahindi, ukapenyeza kwenye nyasi za paa na kutoka. Moshi ule ulifukuza wadudu kwenye nafaka na kuzihifadhi nyasi zisioze upesi. Macho yaliumia, vifua viliumia, hilo tusilifiche, lakini paa halikuwa na tundu. Dohani ya sebuleni ilikuja na Wajerumani, walioifanya Lushoto kituo chao na kuiita Wilhelmstal, ikaja na wamisionari, kisha Waingereza na mashamba ya chai. Nyumba zao tulizirithi. Yule fundi bati alijifunza kazi hii kwa baba yake, aliyekuwa akipandishwa kila mwaka kwa kamba na fagio kwenye dohani za nyumba hizo, kusafisha masizi na kukaza kofia. Kwa hiyo ujuzi ulikuwepo hapa hapa, mikononi mwa watu wetu. Tulipochukua funguo za nyumba tulisahau kumuuliza yule mtu wa kamba na fagio alikuwa akifanya nini huko juu. Hilo linanisikitisha kuliko doa lenyewe. Mzee yule ana kijana mmoja tu anayejifunza.

Nimewaahidi watu wa pwani. Neno dohani lina asili ya Kiarabu, dukhan, yaani moshi, na nyinyi mlilijua kwenye bahari kabla sisi hatujalijua kwenye nyumba: meli ya mvuke mliiita merikebu ya dohani. Na leo dohani zipo kwenu, ila hazikai sebuleni. Nenda kwenye shule ya mtoto wako, uangalie jikoni. Shule nyingi zimejengewa majiko sanifu ya kuni, yenye bomba la chuma linalopenya bati na kutoa moshi nje. Yameokoa kuni na yameokoa macho ya wapishi. Lakini hebu angalia juu. Mara ngapi utakuta bomba lile limebaki mdomo wazi, kofia yake imedondoka, na pale linapopenya paa pamezibwa kwa kitambaa au karatasi ya nailoni iliyoyeyuka? Bomba la kipenyo cha sentimita 15 kwenye mvua ya milimita 1,000 hupokea karibu lita 18 kwa mwaka. Ni kidogo, mtasema, ila lita hizo zinashukia kwenye mwili wa jiko uliojengwa kwa matofali na udongo, jiko linalopashwa moto kila siku. Udongo uliolowa ukipata moto wa ghafla hupasuka. Jiko likipasuka moshi unatokea kwenye ufa, mpishi anarudi kukohoa kama zamani, na shule inasema mradi umeshindwa. Haukushindwa. Ulikosa kipande cha bati kisichozidi sahani. Waoka mikate wenye matanuri, wenye hoteli za barabarani, nanyi pia tazameni juu. Wazazi mlio kwenye kamati za shule, kwenye mkutano ujao liulizeni jambo hili kwa jina lake.

Kuhusu wakati. Kwa sisi wa Usambara, na kwa majirani wa Limuru na Nyeri, mvua hupumzika Januari na Februari, kisha tena Agosti na Septemba. Hizo ndizo nafasi za kupanda. Njombe na Mufindi, ambako mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kwenda mpaka Aprili, mwezi wenu ni Septemba au Oktoba. Kericho, ambako mvua haina likizo, mtaitafuta siku ya jua mkiipata.

Anayepanda asipande peke yake. Asubuhi na mapema bati lina umande, linateleza kama sabuni. Ngojeni jua lilikaushe. Vaeni viatu vya raba. Kanyageni penye misumari, kwa sababu chini ya msumari ndipo papi ilipo, na katikati bati litabonyea au mtalitoboa. Fungeni kamba, na chini awepo mtu wa kushika ngazi asiyebanduka kwenda kujibu simu. Akina mama mnaoishi peke yenu, wazee, msione haya kumwita fundi kwa kazi inayoonekana ndogo. Mwiteni, na mwambieni awapigie picha kwa simu, kofia kwa juu, na kwa chini, na lile bamba la saruji. Picha tatu. Mtaona kwa macho yenu bila kuacha ardhi. Na mpangaji akiona doa la kahawia, amwambie mwenye nyumba siku hiyo hiyo, kabla dari halijaanza kuanguka na kila mmoja akamlaumu mwenzake.

Kofia ya shangazi ilipandishwa mwezi wa Septemba. Doa hatukulipaka rangi. Mzee alisema liacheni, litawaambia. Tukalizungushia mstari wa penseli na tarehe pembeni. Oktoba ikanyunyiza kidogo, hatukuiamini. Usiku mmoja wa Novemba mvua za vuli zikashuka hasa, redio ya asubuhi ikasema barabara ya Soni imefungwa na udongo. Mimi niko Tanga, nikashika simu nikitaka kupiga, nikaogopa jibu. Ikaita yenyewe. Haikuwa saa kumi na mbili bado.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Nimeinama hapa mekoni na kijiko changu cha jivu."

"Enhe?"

Akakohoa, akacheka, akakohoa tena.

"Limenirukia usoni."